Ratiba iwe mkononi mwake, si mdomoni mwako

Nafundisha wanafunzi wa sekondari wenye usonji (autism). Wengi hunifikia wakijua kusoma na kujumlisha, ila hawagusi kalamu mpaka mtu aseme "anza". Wamezoeshwa hivyo tangu wadogo: toa daftari, andika tarehe, funga zipu. Mtu mzima yuko ubavuni siku nzima akisema, wao wanatii, na ripoti zinasifu. Shule ikiisha, sauti ile haitakuwepo. Kwa hiyo kazi yetu, tangu darasa la kwanza kabisa, ni kuutoa msaada mdomoni mwa mtu na kuuweka kwenye kitu ambacho mwanafunzi atakibeba mwenyewe.

Anza na ratiba. Asiyesoma mpe vitu halisi: taulo ni kuogelea, mpira ni uwanjani. Akizoea, nenda kwenye picha, kisha maneno, kisha orodha kwenye simu yake. Kila kazi ikiisha, aiondoe yeye kwenye ratiba. Akikutazama kama anayeuliza "sasa nini?", usimjibu, elekeza kidole kwenye ratiba. Baada ya muda hata kidole kiache. Mfumo wa TEACCH, wa kufundisha watu wenye usonji, ulioanzia Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1972, unataka meza ya kazi yenyewe imjibu mwanafunzi maswali manne: nifanye kazi gani, kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na baada ya hapo nini. Pima kwa maswali hayo kila kazi unayomwekea mbele, ya darasani na ya karakana.

Weka pia kwenye ratiba kadi ya "badiliko", na uianze kwa mabadiliko ya kupendeza, mfano muziki badala ya imla, asije akaijua kama kadi ya habari mbaya tu. Mtu mzima huahirishiwa safari na hubadilishiwa msimamizi. Mazoezi yaanzie hapa.

Ukisema, sema kifupi kisha nyamaza. Hesabu kumi moyoni. Ukirudia kwa maneno mengine kabla hajajibu, umemwongezea sentensi mpya ya kuchambua juu ya ile ya kwanza. Usimlazimishe kukutazama machoni. Wengi husikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni. Vizuia kelele vya masikioni si upendeleo, na avivae hata ukubwani. Akivurugikiwa, punguza watu, punguza maneno, ngoja. Huo si wakati wa somo wala wa adhabu.

Kazi za mikono nazifundisha kuanzia mwisho. Kufunga kamba za viatu: mimi nafanya hatua zote, yeye anavuta kitanzi cha mwisho, na kiatu kimefungwa na yeye. Akiweza hiyo, namwachia mbili za mwisho. Kila mara anamaliza mwenyewe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kumfundisha kukataa. Mtoto aliyefunzwa kumtii kila mtu mzima yumo hatarini, kwa sababu mnyanyasaji naye ni mtu mzima. "Hapana", "nisaidie" na "nahitaji kupumzika" ziwe kadi au maneno ya mwanzo kabisa, na akizitumia ziheshimiwe, hata zikikuvurugia kipindi. Kuhusu balehe, faragha na nani anaweza kumgusa wapi, fundisha kabla mwili haujabadilika, kwa majina halisi ya viungo na picha zilizo wazi. Mafumbo hayamsaidii.

Usiyaue mapenzi yake kwa jambo moja. Donald Triplett, mtoto wa kwanza kuelezwa katika makala ya daktari wa akili wa watoto, Leo Kanner, ya mwaka 1943 kuhusu usonji, aliishi utotoni kwa muda na mkulima mmoja na mkewe. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka. Wao wakampa aihesabu huku akilima kwa plau. Baadaye alifanya kazi benki miaka mingi, akajifunza kuendesha gari, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Tafuta kazi halisi ya shule inayokaa ndani ya kile anachokipenda: kupanga vitabu, kuhesabu vifaa vya stoo, kutunza bustani.

Kazini, kazi yenyewe mara nyingi si tatizo. Tatizo ni yale yasiyoandikwa: wakati wa mapumziko afanye nini, vifaa vikiisha amwambie nani, akichelewa apige simu ipi. Yaandike, myaigize, kisha mwende mahali penyewe.

Mkutano wa kumjadili usifanyike bila yeye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unatambua haki yake ya kuamua, kwa msaada pale anapouhitaji. Aje na ukurasa wake mmoja: kinachonisumbua, namna ya kunielekeza, ninachokiweza. Asiyezungumza achague kwa picha au kwa kishikwambi chake cha mawasiliano. Na kishikwambi hicho kikiwa mali ya shule, mzungumze na familia mapema, mwaka mzima kabla ya kuhitimu, kuhusu atakavyopata cha kwake chenye maneno yaleyale na mpangilio uleule, ili siku ya kuondoka asirudishe sauti yake stoo pamoja na vitabu.