Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua au kuchomelea raki (fremu ya chuma ya kupangia vifaa vya mtandao na sauti), hapa Mwanza

Kabla hujaenda kwa fundi wa kuchomelea kule Nyakato, pima vifaa vyenyewe. Upana hausumbui, kwa kuwa swichi za mtandao, seva (kompyuta zinazohudumia nyingine) na amplifaya za raki karibu zote zina uso wa inchi 19, yaani milimita 482.6. Kinachoponza wengi ni kina, yaani urefu wa kifaa toka mbele hadi nyuma. Swichi ndogo hukaa vizuri kwenye kabati la ukutani, lakini seva nyingi huzidi sentimita 70, na nyuma yake nyaya zinahitaji pa kupindia.

Ukichagua kutengenezesha, kazi ngumu iko kwenye matundu ya skrubu. Kimo huhesabiwa kwa U, na U moja ni milimita 44.45. Ndani yake mna matundu matatu yasiyopishana sawasawa: milimita 15.875, tena 15.875, kisha 12.7 hadi tundu la kwanza la U inayofuata. Fundi hodari asiyeambiwa hili atatoboa kwa umbali mmoja, na skrubu za kifaa zitagoma. Kwa hiyo nunua reli (nguzo za wima zinazofungiwa vifaa) zilizokwisha kutobolewa, yeye akuundie fremu ya engo (chuma cha pembe) tu. Ashikize kwanza kwa vidoti vidogo vya kuchomelea, apime pembe kwa pembe, ndipo achomelee moja kwa moja, maana moto huvuta chuma. Uwazi kati ya reli usipungue milimita 450.

UPS (kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika) na betri zikae chini kabisa.

Jambo linalopuuzwa mno hapa kwetu ni ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini. Radi za ukanda wa ziwa hazina mchezo, na vilima vyetu ni mawe matupu. Fimbo ya shaba ya ethi hugonga mwamba kabla haijazama. Usikubali ikatwe juu ikaachwa hivyo. Mwite fundi umeme mwenye kipimo cha ethi, na ikibidi waya wa shaba ulazwe kwenye mtaro palipo na udongo. Kwenye fremu, kwangua rangi pale waya unapofungwa, kwa sababu rangi huzuia umeme kupita.

Halafu kuna wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama wingu la moshi. Hufuata taa usiku na kujazana kwenye feni. Weka wavu laini panapoingilia hewa, uusafishe mara kwa mara, na taa ya nje isiwe karibu na dirisha la chumba hicho. Kuziba kabati lote si dawa, vifaa vitachemka.

Mwisho pima mlango na ngazi: raki ya 42U hukaribia mita 2 kwenda juu.