Kabla Hujaenda Mahakamani Kutangazwa Muflisi

Kama umefikia hali ya kulaza simu kifudifudi kila ikilia, nakuelewa. Niliishi hivyo mwaka mzima duka langu la vifaa vya ujenzi liliposimama. Lakini usikimbilie Mahakama Kuu ya Kenya kwa kuwa umesikia mtaani kwamba ufilisi, yaani kutangazwa na mahakama kwamba huwezi kulipa, hufuta madeni. Tulia kwanza, uangalie haya.

Andika madeni yote. Yote: ya benki, ya sacco, ya chama, ya mikopo ya simu, hata ya shemeji. Utatakiwa kutoa taarifa kamili ya hali yako ya kifedha, na ile miaka 3 ya kusubiri kuondolewa ufilisi, yaani kufunguliwa kutoka hali hiyo, huanza kuhesabiwa ukishaiwasilisha. Ukizembea, unajirefushia mwenyewe.

Usimhamishie mtu mali. Shamba uliloandikisha kwa jina la mama juzi linaweza kurudishwa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Usimlipe mdai mmoja kwa siri pia.

Jua deni lipi lina dhamana. Benki inayoshikilia hati ya nyumba yako itaiuza tu, ufilisi hauizuii. Pesa za matunzo ya watoto na deni la ulaghai hayafutiki.

Uliza njia nyingine. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inaruhusu mpango wa hiari na wanaokudai, na amri ya kulipa kidogo kidogo. Kuna pia utaratibu wa wasio na mali, kwa anayedaiwa kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 na hana cha kuuzwa, ambao kwa kawaida humalizika kwa miezi 12. Mimi sikuuliza.

Sasa wadhamini. Hapa nisikilize vizuri.

Mkopo wangu mkubwa ulikuwa wa sacco, na wadhamini walikuwa wanne, watu niliofundisha nao kabla sijaacha ualimu. Siku amri ya ufilisi ilipotoka nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miezi. Nilidhani deni limezikwa, langu na lao. Wiki chache baadaye mmoja wao akanipigia, mama ambaye tulikuwa tukigawana chai ya saa nne kwenye chumba cha walimu. Hakufoka. Alisema, "Mwalimu, wameshika akiba yangu. Mbona hukuniambia?" Akiba ile ilikuwa karo ya mwanawe aliyekuwa anaingia chuo kikuu. Nikampigia wakili nikiamini kuna makosa. Hayakuwapo. Ufilisi humkinga aliyefilisika peke yake. Aliyemdhamini hubaki na deni, na hata siku muflisi anapoondolewa ufilisi, mdhamini haondolewi pamoja naye. Kijana alichelewa kujiunga na chuo mwaka mzima. Wadhamini wawili hawajaniamkua hadi leo, na siwalaumu.

Kwa hiyo, kabla hujatia sahihi karatasi yoyote, waite wadhamini wako. Uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu. Waambie kiasi kilichobaki, nendeni pamoja sacco muombe kupangiwa malipo upya wakati bado una kitu mkononi. Ningefanya hivyo, pengine nisingehitaji mahakama kabisa. Lile pikapu langu peke yake lingepunguza sehemu kubwa ya deni lao, na nililiuza mapema kwa bei ya kutupa nikalipa riba za mikopo ya simu.

Yanayofuata baada ya amri ni mengi. Tangazo litatoka kwenye Gazeti Rasmi, na majirani watalisoma. Huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, wala kugombea ubunge au udiwani wa kaunti kabla hujaondolewa ufilisi. Kutoka nje ya nchi ni kwa idhini. Mwenzi wako ayasikie haya kutoka kwako, leo, si kutoka kwa dalali aliyesimama langoni. Vifaa vya kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani unaruhusiwa kubaki navyo, hivyo usiuze cherehani au msumeno kwa hofu.

Tunza kila risiti. Usimlipe mtu anayekuahidi kufuta madeni kwa siku saba. Usikope hapa kulipa pale. Na kama sasa hivi kuna mtu anakuomba umdhamini, isome ile fomu mpaka mwisho, uulize akishindwa utakatwa kiasi gani.