Jinsi ya kupima kiwango cha mchezaji gofu Shane Lowry

Usianze na nafasi aliyomaliza, inadanganya. Anza na mapigo aliyookoa, yaani aliyopunguza kuliko wastani wa wenzake, ukitenganisha mipira ya kuelekea griini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) na ile ya kusukuma shimoni. Kutoka futi 8, wachezaji wa PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya gofu Marekani, huhitaji wastani wa mapigo 1.5, akitumbukiza kwa 1, ameokoa 0.5. Usukumaji hupanda na kushuka kila wiki, kwa hiyo chukua angalau raundi 20.

Kisha tazama uwanja. Pwani yenye upepo ni nyumbani kwake: uwanja wa Royal Portrush 2019 alimaliza raundi ya tatu kwa mapigo 63, akatwaa The Open, moja ya mashindano makuu ya gofu, kwa tofauti ya mapigo 6. Ila usihesabu uongozi kuwa ushindi. Kwenye US Open uwanjani Oakmont 2016 alianza raundi ya mwisho akiongoza kwa mapigo 4, akapiga 76, kombe likaenda kwa Dustin Johnson.