Foleni ya Dar isikumalize: kupanga safari ya kazini

Anayetoka Mbagala, Gongo la Mboto au Tegeta kwenda Posta, katikati ya jiji, anaweza kufika ofisini keshachoka. Umbali unachosha, ila kinachochosha zaidi ni kutojua: leo dakika 50, kesho saa mbili. Kwa hiyo anza na vipimo.

Kwa siku tano za kazi, andika kwenye simu saa uliyotoka nyumbani, uliyofika kituoni, uliyopanda gari na uliyofika kazini. Wengi huhesabu muda wa garini tu, kumbe asubuhi yao imeliwa kituoni. Safari ipangie siku iliyokuwa mbaya kuliko zote. Ukipangia wastani, kuna siku lazima utachelewa, na roho itakuwa juu kila taa ikiwaka nyekundu. Vipimo hivyo mwoneshe na bosi ukiomba kuingia saa 1 na kutoka saa 9.

Kisha wahi kwa dakika 20, wiki nzima, ulinganishe. Hapa ndipo watu hujikwaa: wanaamka mapema bila kulala mapema. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, kwa hiyo wa kuamka saa 10:30 alfajiri awe amelala saa 3:30 usiku. La sivyo umehamisha uchovu tu.

Kama unakaa katikati ya ruti na magari yanapita yamejaa, geuza nalo: panda linaloelekea mwisho wa ruti, ukae, urudi nalo. Konda atakudai nauli mara mbili, na dakika 25 zinaweza kuongezeka. Kwa safari ya saa moja na nusu, siti inastahili gharama hiyo, hasa kwa mwenye mgongo au mjamzito. Kwa safari ya dakika 30, ni hasara.

Ukisimama, tanua miguu sawa na mabega, magoti yalegee kidogo, begi libaki kifuani, na mkono unaoshika bomba ubadilishe. Kujinyima maji kwa kuogopa haja njiani huleta kichwa kuuma. Kunywa glasi moja mara tu ufikapo.

Jioni ukisinzia, weka alamu ya mtetemo ya dakika 20, maana ukilala zaidi ya hapo usingizi wa usiku unaweza kuchelewa. Simu iwe mfuko wa ndani, mbali na dirisha.