Jinsi ya Kurekebisha Kipanya ili Ulengaji Usiyumbe Mchezoni

Mchezaji anayekosa leo shabaha aliyoipiga jana bila taabu huanza kwa kuulaumu mkono wake, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye mipangilio. Mkono hujifunza umbali: ukishazoea kwamba sentimita kumi za mkeka wa kipanya humgeuza mhusika kwa kiasi fulani, hutenda bila kusubiri fikra. Mazoea hayo hayajengeki iwapo umbali uleule unaleta mgeuko mwingine kila mara.

Anza na Windows. Fungua mipangilio ya kipanya, ingia kwenye chaguo za ziada, kisha katika kichupo cha chaguo za kishale ondoa tiki kwenye kisanduku kinachoahidi kuboresha usahihi wa kishale. Jina hilo linapotosha, kwa kuwa kinachofanyika ni kishale kurushwa mbali zaidi kadiri mkono unavyokwenda kasi, hata umbali peke yake usitoshe tena kuamua kitakapofika. Papo hapo weka kitelezi cha kasi kwenye alama ya 6 kati ya 11, ambapo kila hatua inayoripotiwa na kipanya huwa pikseli moja. Michezo mingi ya kulenga ina chaguo la kusoma kipanya moja kwa moja bila kupitia mipangilio hii. Likiwepo liwashe, lakini kwa kuwa si kila mchezo unalo, usiiruke hatua hii.

Kisha chagua DPI, yaani idadi ya hatua ambazo kipanya huripoti kwa kila inchi ya mwendo. 800 au 1600 inatosha kabisa; namba kubwa zinazopamba maboksi hazijampa mtu shabaha. Kilicho muhimu zaidi ni kufuta viwango vingine katika programu ya kipanya, maana kitufe cha kubadilishia DPI kwa kawaida hukaa nyuma ya gurudumu na hubonyezwa kwa bahati mbaya. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikijiona nimesahau kucheza, kumbe kidole kilikuwa kimekigusa. Kasi ya kuripoti iwe hezi 1000, yaani mara moja kila milisekunde; ikiwa kompyuta ni dhaifu na picha zinakwama, ishushe hadi 500.

Sasa chukua rula. Ndani ya mchezo simama ukiwa umelenga kona ya ukuta, weka ubavu wa kipanya kwenye sifuri, kisha kisogeze upande mmoja hadi mhusika azunguke duara zima na kurudi kwenye kona ileile. Katika Counter-Strike 2, DPI ya 800 pamoja na usikivu wa 1 (namba ya kasi ya kugeuka inayowekwa ndani ya mchezo) huleta takriban sentimita 52, na ukiongeza usikivu hadi 2 umbali hupungua hadi 26. Kinachoamua ni zao la namba hizo mbili, kwa hiyo 1600 kwa 0.5 huleta mzunguko uleule. Andika umbali uliokufaa, kwani ndio utakaouhamisha kwenda mchezo mwingine wenye vipimo vyake: usikivu wa Counter-Strike 2, kwa mfano, hugawanywa kwa takriban 3.18 ili ufanane katika VALORANT.

Mwisho fanya jaribio la kurudi. Lenga kona, egemeza kipanya kwenye kitu kizito kisichosogea, kivute kwa kasi kuelekea upande wa pili, kisha kirudishe taratibu mpaka kiguse kitu kile. Ikiwa alama ya kulenga haijarudi kwenye kona, rejea kwanza kwenye tiki ya Windows na utafute chaguo kama hilo ndani ya mchezo na katika programu ya kipanya. Vyote vikiwa vimezimwa na tofauti ikabaki, pindua kipanya uangalie tundu la sensa, yaani kihisi kinachosoma mwendo, kwa sababu unywele mmoja ulionasa humo unatosha kuvuruga usomaji, kisha urudie jaribio juu ya mkeka usiong'aa.