Nyumba moja ya kupangisha au kiwanja kimoja: kushikilia, kukarabati au kuuza?

Mwenye nyumba moja ya kupangisha, fleti, au kiwanja kilichokaa tu, mara nyingi huamua cha kufanya kwa kukumbuka bei aliyonunulia: "Niliipata kwa bei nafuu, kwa hiyo inanilipa." Hesabu hiyo humpotosha. Bei ya zamani itahitajika siku ya kukokotoa kodi ya serikali kwenye mauzo, basi. Kinachotakiwa kupimwa ni fedha ambazo zingebaki mkononi mwako kama ungeuza mwezi huu, na kiasi ambacho mali hiyo inazalisha kwa kila 100 ya fedha hizo.

Pato halisi la mwaka

Kusanya kumbukumbu za miezi 12 iliyopita, au 36 kama unazo, maana mwaka mmoja unaweza kupita bila tatizo lolote na ukakudanganya. Andika pango lililoingia kweli, si lililoandikwa kwenye mkataba. Kisha toa gharama zote, hata zile ambazo hukuzilipa kwa fedha taslimu.

Tuchukue nyumba yenye thamani ya 100,000, kwa sarafu yoyote unayotumia, inayopangishwa kwa 700 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 8,400. Iache tupu mwezi mmoja kati ya mpangaji na mpangaji: zinabaki 7,700. Matengenezo ya kawaida, weka asilimia 1 ya thamani ya nyumba, yaani 1,000. Kodi ya jengo na bima, 900. Usimamizi, asilimia 10 ya pango lililoingia, yaani 770. Akiba ya mambo makubwa kama paa, mabomba na nyaya za umeme, 800. Pato halisi ni 4,230, sawa na asilimia 4.23 ya thamani.

Wengi hukosea kwenye mistari miwili. Wa kwanza ni usimamizi: kwa kuwa mwenyewe ndiye anayempigia fundi na kufuatilia pango, anaandika sifuri. Muda wako una thamani, na siku utakapougua au kuhamia mbali utamlipa mtu. Wa pili ni akiba. Paa likidumu miaka 25 na kubadilishwa kwa 10,000, linakula 400 kila mwaka, liwe linavuja au halivuji. Asiyeiandika huona nyumba yake ina faida kwa miaka 24, halafu mwaka wa 25 anauza kwa haraka kwa sababu hana fedha za paa.

Kwa fleti ongeza hatua moja: omba hesabu za mfuko wa pamoja wa jengo na kumbukumbu za mikutano ya wamiliki. Mfuko ukiwa mtupu na lifti au paa limechoka, bili itagawanywa kwa wamiliki, na huna uwezo wa kuizuia peke yako.

Fedha zako zilizofungwa humo

Kupata thamani ya leo, tafuta mauzo matatu yaliyokamilika karibuni ya mali zinazofanana na yako kwa ukubwa, hali na eneo. Bei za matangazo usizitumie. Hizo ni matumaini ya wauzaji. Makadirio ya dalali yachukue kwa tahadhari, kwa sababu anayetaka kupewa kazi ya kuuza huwa na sababu ya kutaja namba ya kukufurahisha. Mthamini anayelipwa ada isiyotegemea mauzo ni salama zaidi.

Turudi kwenye mfano. Thamani 100,000. Toa gharama za kuuza (dalali, mwanasheria, ada), tuseme 6,000. Toa kodi ya serikali kwenye faida ya mauzo, yaani tofauti ya bei ya kuuza na ya kununulia, tuseme 4,000. Toa salio la mkopo, 40,000. Zinabaki 50,000. Hizo ndizo fedha zako zinazofanya kazi ndani ya nyumba hiyo.

Mkopo huo ukiwa na riba ya asilimia 8 na umebakiza miaka 10, riba ya mwaka huu ni takriban 3,100. Pato halisi 4,230 ukitoa 3,100 linabaki 1,130. Gawanya kwa 50,000: asilimia 2.3. Zaidi ya hapo, marejesho yote ya mwaka, riba pamoja na sehemu ya deni lenyewe, ni zaidi kidogo ya 5,800, kwa hiyo kila mwaka unatoa karibu 1,600 mfukoni mwako ili nyumba isimame. Sehemu ya fedha hizo inapunguza deni, hivyo haijapotea, lakini lazima iwepo kila mwezi. Wakopeshaji wengi hupenda kuona pato halisi likifikia mara 1.2 hadi 1.25 ya marejesho. Hapa ni mara 0.73.

Je, uuze? Bado. Thamani ya nyumba nayo inaweza kupanda. Tuseme fedha hizo 50,000 zingeweza kukaa mahali pengine penye usalama unaolingana na kukupa asilimia 6 baada ya kodi, yaani 3,000. Nyumba inakupa 1,130. Pengo ni 1,870, sawa na asilimia 1.9 ya thamani ya nyumba. Hivyo uamuzi wote umeshuka kwenye jambo moja unaloweza kulichunguza: una ushahidi kwamba thamani itapanda kwa zaidi ya asilimia 1.9 kwa mwaka? Barabara inayojengwa tayari, ajira zinazoongezeka eneo hilo na nyumba jirani zinazouzwa haraka ni ushahidi. "Ardhi haishuki" si ushahidi. Ardhi hushuka, tena mara nyingi hushuka kimya kimya, bei ikisimama palepale wakati mfumuko wa bei unaendelea.

Ukibaki nayo, ubaki vipi?

Pandisha pango kwa kupima hatari ya kumpoteza mpangaji. Ukiongeza asilimia 5, kutoka 700 hadi 735, unapata 35 zaidi kwa mwezi. Mpangaji akiondoka kwa sababu hiyo na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja, utahitaji miezi 21 kurudisha pango la mwezi huo, bila kuhesabu rangi na dalali. Mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza nyumba anastahili pango lililo chini kidogo ya soko. Kidogo, lakini. Pango likibaki nyuma kwa asilimia 15 au 20, siku ya kulirekebisha mtagombana.

Ukarabati uugawe mara mbili. Kuna wa kuilinda nyumba: paa, mifereji ya mvua, mabomba, umeme, mfumo wa maji taka. Huu hauna mjadala wa faida, kwa sababu maji yakiingia ukutani gharama hukua kila msimu. Na kuna wa kuongeza pango: jiko jipya, vigae, makabati. Huu upigie hesabu yake peke yake. Ukitumia 5,000 na kupoteza mwezi mmoja wa pango wakati wa kazi, gharama ni 5,700. Pango likiongezeka kwa 50 kwa mwezi, baada ya kuondoa mwezi wa kukaa tupu na usimamizi unapata takriban 495 kwa mwaka. Kurudisha gharama kunachukua miaka 11 na nusu. Kama kilichowekwa kinachakaa kwa miaka 7, fedha haitarudi kamwe. Usianze na vigae wakati bomba lililo chini yake ni kuukuu, utavivunja mwenyewe.

Kugawa nyumba kubwa kuwa makazi mawili ya kujitegemea mara nyingi huongeza pango kuliko urembo, lakini hakikisha kwanza kibali cha mamlaka ya ujenzi, uwezo wa mfumo wa maji taka, na masharti ya mkopo na bima. Bima inaweza kukataa kulipa kama matumizi yalibadilika bila kuarifiwa.

Kuhusu mkopo, angalia namba mbili bega kwa bega: pato la asilimia 4.23 na riba ya asilimia 8. Kila 100 uliyokopa inaingiza 4.23 na kutoa 8. Kuikopea zaidi nyumba ya namna hii ili ununue nyingine ni kuongeza hasara. Kulipunguza deni kwa 10,000 kunaokoa riba ya 800 kwa mwaka, bila mpangaji wala fundi. Ni uwekezaji mzuri unaosahaulika mno. Ulizia tu kama mkopeshaji ana faini ya kulipa mapema. Kurefusha mkopo kutoka miaka 10 hadi 20 kutashusha marejesho hadi karibu 4,000 kwa mwaka, na nyumba itajilipia, ila riba yote itapanda kutoka takriban 18,200 hadi takriban 40,300. Fanya hivyo ikiwa unahitaji nafasi ya kupumua, si kwa mazoea.

Kiwanja na mali ya pamoja

Kiwanja kitupu hakilipi chochote na bado kina kodi, uzio, na hatari ya kuvamiwa. Ikiwa fedha zako zingepata asilimia 6 kwingine na kiwanja kinakugharimu asilimia 1 kwa mwaka, kinahitaji kupanda kwa asilimia 7 kila mwaka ili usipoteze. Kwa kasi hiyo thamani hukaribia kuongezeka maradufu kwa miaka 10. Kama miaka 10 imepita na haijafika karibu na hapo, na huna mpango wa kujenga wenye tarehe na fedha, kiuze. Ukiamua kubaki nacho, kagua mipaka na alama zake angalau mara moja kwa mwaka na upige picha zenye tarehe.

Mali ya ndugu au washirika huharibika kwa kukosa maandishi, si kwa kukosa faida. Andikeni nani anakusanya pango, gharama ya kiasi gani inahitaji idhini ya wote, mthamini atapatikanaje, na kwamba anayetaka kutoka lazima awauzie wenzake kwanza ndani ya muda fulani, mfano siku 60. Sehemu ya mtu mmoja ikipelekwa sokoni kwa mgeni huuzwa chini sana ya mgawo wake, kwa sababu mnunuzi ananunua na ugomvi.

Ukiamua kuuza

Maandalizi yaanze miezi mitatu kabla ya tangazo. Hakiki hati miliki, majina na vipimo. Lipa kodi zilizolala. Pata barua ya salio kutoka kwa mkopeshaji. Amua unamuuzia nani. Mwekezaji hulipa vizuri kwa nyumba yenye mpangaji mwaminifu na kumbukumbu za malipo. Anayetaka kuishi anaihitaji tupu. Sehemu nyingi mkataba wa pango humfuata mnunuzi mpya, kwa hiyo usiahidi nyumba tupu kabla notisi haijaisha kisheria.

Muulize mshauri wa kodi kuhusu tarehe ya kufunga mauzo: wiki chache mbele au nyuma zinaweza kuhamisha kodi hadi mwaka mwingine. Usikabidhi funguo kwa malipo ya awali, na dhamana uliyoshika ya mpangaji mkabidhi mnunuzi kwa maandishi yenye sahihi za watu watatu: wewe, yeye na mpangaji.