Somo: Maji ya mgodi wa makaa uliofurika, piga hesabu kabla ya kununua chokaa

Maji haya huweza kuwa maangavu kabisa mdomoni mwa shimo, kisha hatua mia mbele mtaro mzima una rangi ya chungwa. Chuma kilikuwamo tangu mwanzo, kimeyeyuka. Kikikutana na hewa kinageuka kutu. Usiyaamini macho.

1. Jaza chupa mbili. Maji ya kwanza yachuje papo hapo kwa chujio la maikromita 0.45, kisha tia asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Hayo ni ya kupima metali. Ya pili ni ya salfeti (chumvi itokanayo na salfa): usitie kitu, jaza hadi shingoni. pH, oksijeni na ualkali (uwezo wa maji kuzima asidi) vipime palepale. Ukingoja kesho, kaboni dioksidi imeshatoroka, chuma kimetuama chupani, na pH unayosoma si ya mgodi tena.

2. Pima mtiririko, wakati wa mvua na wa kiangazi. Kwa maji machache, ndoo na saa vinatosha.

3. Tafuta asidi iliyojificha. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu wanasoma pH peke yake. Kila miligramu ya chuma inayogeuka kutu hula takriban miligramu 1.8 za ualkali (kwa kipimo cha kalisi kaboneti). Aluminiamu hula 5.6. Chukua maji ya pH 6.3 yenye chuma mg 150 na ualkali mg 100 kwa lita. Chuma kinadai 270, zipo 100. Yakishapata hewa, pH itaporomoka.

4. Chagua mtambo. Ualkali ukitosha: ngazi za kupitishia hewa, bwawa la kutuamisha, kisha kinamasi cha matete. Lita 10 kwa sekunde zenye chuma mg 30 kwa lita hubeba kilo 26 kwa siku. Kinamasi kikiondoa gramu 10 za chuma kwa mita ya mraba kwa siku, unahitaji mita za mraba 2,600. Chuma kikizidi mg 50 kwa lita, ngazi za mara moja hazitoshi, maana oksijeni huisha njiani. Rudia baada ya bwawa.

Ualkali ukipungua, pitisha maji kwenye mfereji wa mawe ya chokaa uliofukiwa usipate hewa, yakae humo saa 15 hivi. Sharti oksijeni, aluminiamu na chuma kilichokwisha kuoksidika (kugeuka kutu), kila kimoja kiwe chini ya mg 1 kwa lita. La sivyo, tumia chokaa ya unga kwa mashine.

Maswali

*Mfereji wangu umeziba baada ya miezi michache. Kwa nini?*
Fukua jiwe moja ulivunje. Ukikuta ganda la kahawia na ndani jiwe zima, hewa inaingia. Ute mweupe katikati ya mawe ni aluminiamu.

*Nikivuta kwa pampu, sampuli ya juu ya shimo inatosha?*
Hapana. Maji hujipanga kwa tabaka, na ya chini mara nyingi ndiyo yenye chumvi na chuma kingi. Teremsha kipimo cha upitishaji umeme, usome kila mita 5. Pampu ikiwaka, tabaka huvurugika.

*Chuma kimekwisha, manganizi bado. Na je, maji yananyweka?*
Manganizi husubiri chuma kiishe. Weka kitanda cha kokoto chenye maji ya kina kifupi mwishoni. Kuhusu kunywa, hapana: salfeti bado imo karibu yote, kinamasi hakiiondoi.